Kichuguu Namba Kumi na Tisa

Mtu akikuambia kwamba Eyotaru wa Ayivu aliua biashara ya kumbikumbi, mwambie Shamim wa Koboko amesema huo ni uongo. Kama ana ubishi, aje anione sokoni, upande wa nafaka. Sauti yangu ni kubwa, hatanikosa. Mimi nimenunua kumbikumbi kwake miaka tisa, na siku ilipofika mimi ndiye niliyemtukana kuliko wote. Kwa hiyo nina haki ya kusimulia.

Baba yangu alikuwa askari, nikazaliwa kambini, Kiswahili nilikikuta nyumbani pamoja na chumvi na kiberiti. Eyotaru yeye alikiokota sokoni, kipande hapa kipande pale, lakini akikitumia kukukatalia jambo utamwelewa vizuri sana. Ni mkulima wa mihogo na maharage. Aliolewa upande wa Inde, ndoa ikamshinda, akarudi kwao na mabinti wawili. Baba yake, siku chache kabla hajafa, aliwaita watu wa ukoo, akawaonyesha kichuguu kikubwa nyuma ya shamba la mtama, akasema: hiki ni cha Eyotaru.

Mgeni atasema, kichuguu tu? Subiri. Kwetu West Nile, huku Uganda, kichuguu kina mwenyewe, kama ng'ombe alivyo na mwenyewe, na baba humrithisha mwanawe wa kiume. Mvua zikija na kumbikumbi wakiruka, mwenye kichuguu ndiye anayetega, ndiye anayegawa, ndiye anayeuza. Nimeona ndugu wa tumbo moja hawasalimiani kwa ajili ya kichuguu. Sasa mwanamke, tena aliyeachika, apewe kikubwa kuliko vyote! Kaka yake Acidri alinyamaza kwa sababu mzee alikuwa anakata roho. Lakini baada ya mazishi ukoo ukaweka sharti: Eyotaru atakaa nacho mradi asikiletee aibu. Akikiletea aibu, kitarudi kwa Acidri.

Basi akaja Jovia. Huyu ni binti wa chuo kikuu, mtafiti, mpole kama maziwa. Alitaka kujua kama kumbikumbi wa Ayivu wanapungua, na kwa nini. Alikuwa na picha iliyopigwa kutoka angani, akasema vichuguu vya eneo lile ni sitini. Eyotaru alikuwa amesimama pembeni na jembe begani.

"Hapana, daktari," akasema. "Iko sabini na nne. Hiyo ingine iko ndani ya majani, picha yako haioni."

Walizunguka siku mbili. Vilikuwa sabini na vinne. Siku ya tatu Jovia akampa kazi, daftari, na kopo la rangi nyeupe ya kuandikia namba. Kichuguu cha Eyotaru kikawa namba kumi na tisa. Kila asubuhi ya msimu wa mvua alipita vyote, akiandika kipi kimeruka, yaani kimetoa kumbikumbi, kipi kimelala, na viumbe gani wanakula pale: ndege, vyura, mijusi. Mtu wa darasa la tano! Mwaka wa kwanza vichuguu vilivyoruka vilikuwa sitini na kimoja. Mwaka wa pili, arobaini na nane. Mwaka wa tatu, thelathini na kimoja. Niliona hiyo namba ya mwisho kwa macho yangu, na niliona alivyoipigia mstari kwa hasira.

Sasa nitasema jambo ambalo silipendi. Mwaka ule wa pili siafu walivamia kichuguu chake. Siafu wakiingia ndani wanamaliza kizazi kizima. Eyotaru alilia, wallahi, na si mtu wa kulia. Nikamwambia, dada, usijisumbue, kaka yangu Tongun kule Kuluba analima tumbaku, ana dawa inayoua kila kitu. Nikamletea imejaa kwenye chupa ya soda. Tukamimina wote wawili, tukizunguka kichuguu, tukicheka. Siafu wakafa wote, sisi tukajiona wajanja. Na hatukuwa peke yetu. Ayivu nzima watu walikuwa wanamimina, huyu dawa ya tumbaku, yule dawa ya nyanya, na hakuna aliyeona ubaya. Tulikuwa tunavilinda! Kilichokuja akilini mwetu ni siafu tu. Kwamba kumbikumbi wanaishi kwenye udongo uleule, na sisi tunawala wazima wazima, hilo halikutupitia kichwani hata mara moja.

Vyura ndio waliotuumbua. Eyotaru aliwakuta kando ya namba kumi na tisa asubuhi moja ya mwaka wa tatu, saba, matumbo juu. Mwingine angewafukia akanyamaza. Yeye aliwatia kwenye mfuko, akachota na udongo, akachukua na kumbikumbi kikombe kimoja, akampelekea Jovia. "Pima," akamwambia. "Na zile kichuguu ingine zote, pima."

Majibu yalikaa miezi mitano maabara. Yaliporudi, vichuguu kumi na vitatu vilikuwa na sumu kupita kiasi cha kuliwa na binadamu. Namba kumi na tisa ilikuwa mbaya kuliko zote.

Jovia alitueleza nyumbani kwa Eyotaru, mimi nikiwepo. Akasema taarifa yake ingetaja namba tu, si majina, ndiyo sheria ya utafiti. Namba za kwenye vichuguu mvua ilishaziosha. Hakuna ambaye angejua namba kumi na tisa ni ya nani. Mimi nikapumua. Nikamwambia Eyotaru, umesikia? Mungu amekusitiri. Funga mdomo, msimu huu usiuze, mwakani tutaona.

"Na hao kumi na mbili?" akaniuliza. "Watauza. Watoto watakula."

"Hao si wako!"

"Wakisikia namba, kila mutu atasema si yangu, iko ya jirani. Lazima mutu moja aseme, hii yangu."

"Na Acidri je? Utampa kichuguu cha baba yako mkononi hivihivi?"

Akasema siku ya soko atasema mbele ya watu. Loo, nilimtukana! Nilimwita mjinga, nilimwita mtumwa wa wazungu, na Jovia mwenyewe ni Mganda mweusi kuliko mimi. Nilitukana kwa sababu niliogopa. Nilikuwa na magunia mawili ya kumbikumbi wakavu nyumbani Koboko, na nilijua chupa ile ilitoka mkononi mwangu.

Siku ya soko, pale Inde, alipanda juu ya kreti ya soda katikati ya wauza kumbikumbi. Mwanamke mwembamba, gauni limechakaa mabegani. "Mimi Eyotaru," akasema. "Kumbikumbi ya kichuguu yangu iko na sumu. Mimi mwenyewe nilimwaga dawa. Usinunue yangu. Na wewe mwenye kuuza, kama ulimwaga dawa, wewe unajua." Wakamzomea. Mmoja akamrushia bonge la muhogo. Akateremka, akaokota lile bonge, akalifuta vumbi, akampa binti yake alibebe nyumbani. Halafu akapanda tena akasema yote upya, kwa Kilugbara, lugha yao, ili asibaki mtu wa kusema hakuelewa.

Hakutaja chupa. Hakutaja jina langu. Nilirudi Koboko kwenye lori nimekasirika hadi machozi, na sikujua nimemkasirikia nani. Kesho yake nilimwaga magunia yangu mawili shimoni, nikayachoma. Usinipongeze. Nilichelewa.

Biashara ikalala, ndiyo. Wanunuzi wa mjini Arua wakakimbia. Watu wakaacha kumsalimia Eyotaru kanisani, na mabinti zake wakaitwa watoto wa sumu. Acidri akaenda kwa Mzee Aliga, mkubwa wa ukoo, akasema aibu imeshaingia, kichuguu kirudi. Mzee Aliga akasema atakuja kuamua kichuguu kitakaporuka.

Kiliruka mwezi wa nne, siku ya Alhamisi. Mvua ilinyesha asubuhi, mchana jua likawaka. Eyotaru alinipigia simu, nikapanda boda kutoka Koboko hadi Ayivu bila hata kubadilisha kanga. Nilimkuta amechimba shimo refu kufika kiunoni. Karibu yake alikuwa ametega kama kila mwaka: fito, blanketi, majani, beseni chini ya mlango wa kichuguu. Nikamwuliza kwa nini anatega kitu cha kutupa.

"Nikiacha iruke," akasema, "ndege watakula, vyura watakula. Hapana. Nakamata yote."

Tukafanya kazi. Wakamiminika, wanono, wanang'aa, beseni la kwanza, la pili, la tatu. Harufu yake, jamani, ile harufu ya siagi! Mate yalinijaa mdomoni na huku najua ni sumu. Watu walikuwa wamejaa pembeni, na Acidri mbele yao na mabeseni yake mawili matupu. Mzee Aliga aliletewa kiti cha plastiki.

Acidri akaanza. "Mzee, hii dada yangu ametutia aibu soko nzima. Hakuna sumu hapa. Ni maneno ya watu wa chuo. Kichuguu iko yangu."

Mzee Aliga akamgeukia Eyotaru. "Unasema nini?"

Eyotaru alichota kikombe kimoja kutoka beseni la tatu, kumbikumbi bado wanapiga mabawa, akamwendea kaka yake. Sasa kwetu hakuna anayegusa kumbikumbi wa msimu kabla mwenye kichuguu hajala wa kwanza, wakiwa hai, mbele ya watu. Ndivyo anavyoonyesha kwamba ni mali yake. Akamnyooshea kikombe kwa mikono miwili, kwa heshima zote, amepiga goti kama dada anavyompa kaka yake chakula.

"Kama iko yako, kula."

Mkewe Acidri alikuwa nyuma yake, nikamwona anamshika shati. Acidri alipokea kikombe. Alikitazama. Kumbikumbi mmoja akamtambalia kidoleni, akamkung'uta.

"Mimi," akasema, "nimeshiba."

Jamani! Mlugbara ameshiba, msimu wa kumbikumbi! Kuna mtu alicheka, halafu wote, hadi wazee. Eyotaru peke yake hakucheka. Alisimama, akachukua kikombe chake, akakimwaga shimoni. Nami nikasikia mdomo wangu unasema, kwa hii sauti yangu kubwa: "Na hiyo dawa nilileta mimi! Shamim! Kutoka Kuluba! Tulimwaga wawili, kwa hiyo mkitaka kuzomea, zomeeni wawili!" Nikabeba beseni la kwanza, nikalimwaga. Yeye akamwaga la pili na la tatu. Chakula ni chakula, na sikuwahi maishani kumwaga chakula namna ile mbele ya watu wenye njaa.

Tulipokuwa tunafukia, watu wakaanza kutawanyika. Acidri alikuwa ameshaondoka na mabeseni yake matupu, na kichuguu hakukitaja tena. Mzee Aliga akabaki kwenye kiti chake hadi wote walipotoka, kisha akamwita Eyotaru karibu. Mimi nilikuwa hatua tatu tu, nilisikia kila neno.

"Binti yangu," akasema taratibu, "ile yangu ya karibu na mto, mwaka jana nilitia dawa ya nyanya. Kidogo tu. Iko namba ngapi?"

Eyotaru alijifuta udongo mikononi. Hakufungua daftari, alikuwa anazijua zote kwa kichwa.

"Thelathini na mbili, Mzee."

"Iko na sumu?"

"Iko."

Mzee akainuka, akaokota jembe letu, akatuuliza shimo linatakiwa kwenda chini kiasi gani.