Waya wa Kichwa Namba Nne

Mimi sina subira na watu wa bonde letu, na nawasema nikiwa mmoja wao. Wakitaka kumchafua mtu hawapigi kelele. Wanapaka siagi mkate, wanakoroga chai, halafu wanasema kwa sauti ya upole, "Norris Tallentire? Alikuwa mtu mzuri, ila mvivu kidogo kazini." Nimeyasikia hayo mara nyingi mno kwa sababu chai yenyewe nilikuwa naigawa mimi, kwenye ukumbi wa kanisa, kila klabu ya treni ndogo ilipofanya maonyesho. Kuna siku nilitamani kuwamwagia birika zima.

Norris alikuwa jirani yangu, mume wa Thirza. Pale mgodini Snaith Cleugh alikuwa akiendesha kichwa cha treni cha betri, namba nne. Usifikirie treni ya abiria. Kile kilikuwa sanduku la chuma juu ya magurudumu, limejaa betri, fupi ili lipite chini ya boriti za mgodi, na dereva amejikunja mwishoni, magoti yamekaribia kidevu. Mguuni ana kanyagio. Akilikanyaga, mashine inakwenda. Mguu ukitoka, hata kama dereva ameanguka au amezimia, mashine inasimama yenyewe. Kanyagio liliwekwa kwa kazi hiyo tu.

Siku aliyokufa, boriti iliyolegea ilimpiga kichwani, akaangukia kati ya mashine na ukuta. Mashine haikusimama. Ilimburuta mpaka mwisho wa reli.

Katika uchunguzi wa kifo chake alisimama meneja wa mgodi, Bwana Aubrey Coates, na tai yake na sauti yake ya kusomea risala. Akala kiapo. Akasema kopo la chakula la Norris limekutwa limepondeka karibu na kanyagio, na kwamba ni wazi dereva alikuwa amelibana kanyagio kwa kopo hilo ili apumzishe mguu. Kopo likawekwa mezani, mbele ya macho ya Thirza, bado lina makombo. Uamuzi ukatoka: uzembe wa dereva. Na watu walivyo, msemo ukazaliwa. Anayetegea kazi ameweka kopo la Norris. Mlango uliowekewa jiwe usijifunge, hilo jiwe ni kopo la Norris. Watoto waliuimba shuleni. Thirza aliusikia dukani huku akifungasha unga wake, na muuza duka akacheka, kisha akakumbuka nani yuko mbele yake, akajifanya anapanga mayai.

Thirza alijua ukweli. Wiki ile ile Norris alikuwa amemwambia wakila: "Lile kanyagio limechoka. Linakata umeme kila tukipita maungio ya reli, na Coates hataki mawe yachelewe. Kaamuru lifungwe kwa waya. Wameupitisha nyuma, chini ya sanduku la betri, wakauzungusha kwenye chuma cha breki. Nikikaa hata siwezi kuufikia."

Huko kwenye uchunguzi alinyanyuka akasema kulikuwa na waya. Kabla hajafika kwenye ulifungwa wapi, mwenyekiti alimkatisha. "Keti, mama. Maneno ya mezani si ushahidi." Fundi aliyeufunga alikuwa ameshahamia Kanada. Coates alipoulizwa, alijibu bila kupepesa macho: "Waya? Katika mgodi wangu hapajawahi kuwa na waya." Basi likaishia hapo. Baada ya mazishi Thirza alinihadithia mimi yote, neno kwa neno, mara moja tu, kisha akafunga mdomo.

Mgodi ulipofungwa, Coates alistaafu kwa heshima zote, akajitwalia uenyekiti wa klabu ya treni ndogo. Wanaume wa klabu ile wanaunda treni za mfano kwa mikono yao, kwa shaba na bati, na humo ndani Coates alikuwa ndiye jaji, askari na askofu. Alitembea na kioo cha kukuzia mfukoni. Hakuweza kupita meza ya mtu bila kusahihisha. Ribiti hizi za kuunga bati zimezidi. Rangi hii ya kijani haikuwa hivi. Taa ilikaa kushoto. Watu walimwogopa na kumpenda kwa hilo, maana alikuwa sahihi kila mara, na mimi nilimchukia kwa hilo hilo.

Thirza alipoingia klabuni wakacheka. Alikuwa mpishi wa shule, mikono mikubwa, hajawahi kushika tupa.

"Mama, mambo ya kufuma ni ukumbi wa pili," aliambiwa na Desmond Peart, katibu, ambaye naye alichimba mawe Snaith Cleugh.

"Huko nimeshamaliza," Thirza alimjibu. "Nimewafumia soksi nyote, na bado miguu yenu inanuka."

Cha kwanza alichounda kilikuwa aibu. Desmond alikiita sanduku la viatu lenye magurudumu, na hakuwa amekosea. Thirza hakuacha. Alijifunza kukata shaba kwa msumeno mwembamba kama uzi, kulehemu bila kuacha vidonge, kuchonga kichwa cha bolti kidogo kuliko mbegu ya haradali. Alijichoma vidole mpaka akawa hahisi joto la kikombe. Na hakuunda treni za moshi zenye rangi za kupendeza kama wengine. Aliunda vichwa vya betri tu, vile vya migodini, vya reli nyembamba, vyenye sura mbaya, kimoja baada ya kingine. Kila maonyesho Coates aliinama na kioo chake, akamsahihisha, na Thirza akasema, "Asante, Bwana Coates." Kisha akarudi nyumbani. Ukuta wetu ni mmoja, kwa hiyo najua alichosema akifika.

"Thirza!" nilimwita siku moja kupitia dirishani. "Unaitukana shaba au mtu?"

"Vyote viwili, mwenzangu. Shaba inasikia zaidi."

Kilichonikera, na nilimwambia, ni kule kumnyenyekea. Kwa nini umpelekee kazi ya mikono yako mtu aliyemzika mumeo mara mbili? Akanitazama kama nimesema upuuzi. Nami nilidhani huzuni imemgeuza kichwa. Nilikaa wiki nzima simsemeshi vizuri.

Halafu akaunda namba nne.

Alinionyesha jioni ya kuamkia maonyesho, juu ya meza ya jikoni. Kilikuwa na ukubwa wa mche wa sabuni, kimechakaa kama chenyewe, kutu mahali pa kutu, matope mahali pa matope, tone la asidi ya betri limebabua rangi pembeni. Kiti cha dereva kilikuwa kitupu. Chini yake kulikuwa na kanyagio, na kanyagio limefungwa kwa waya mwembamba kama unywele. Nilipouona damu ilinichemka kwa furaha. Kisha nikaangalia vizuri.

"Thirza, umeufunga mbele. Wewe mwenyewe uliniambia ulifungwa nyuma."

"Najua."

"Sasa?"

"Bella, yule mwanaume akiulizwa anaweza kunyamaza hata mbele ya Biblia. Lakini akiona kosa, hawezi. Nimemchunguza miaka yote hii. Hawezi." Akakifunika kwa kitambaa cha vyombo. "Kesho wewe gawa chai yako, usiniangalie usoni."

Nikaelewa ule unyenyekevu ulikuwa wa nini, nikaona aibu, halafu nikaogopa. Je, akipita tu? Mzee anachoka, macho yanafifia. Alikuwa na nafasi hii moja. Akisema "safi" na kwenda zake, waya ule ungebaki ndoto ya mjane, na kopo la Norris lingebaki kopo la Norris mpaka sote tufe.

Ukumbi ulijaa. Mvua ilikuwa inanyesha, na mvua ikinyesha watu wetu hugundua wanapenda treni. Nilikuwa nakata mikate na kuijaza nyama ya nguruwe ya kukaanga, macho yangu kwenye meza ya Thirza, hatua chache kutoka birika langu. Mtu mmoja aliniuliza kwa nini nimempa mkate bila nyama.

Coates akafika. Desmond nyuma yake, na wanaklabu nyuma ya Desmond, kama kawaida. Alipoiona namba iliyoandikwa ubavuni, alisita. Nilimwona. Nikasema moyoni, kwisha habari, anapita. Lakini Thirza alikuwa ameweka chambo kingine mbele ya chambo. Ndoano ya kuvutia mabehewa ilikuwa imechongwa vibaya, mtoto angeiona.

"Bi Tallentire," akasema, na mkono ukaenda mfukoni kutafuta kioo. "Ndoano hii siyo. Ya kwetu ilikuwa na pete."

"Ah! Asante, Bwana Coates."

"Na taa. Ulinzi wa taa ulikuwa na vyuma vitatu, siyo viwili."

"Unaona sasa. Mimi nilikuwa nabahatisha."

"Kubahatisha hakufai katika kazi hii." Alikuwa ameshanogewa. Aliinama zaidi, pua karibu iguse shaba, uso umelegea kwa raha kama wa mtu anayekuna kipele. "Mfuniko wa betri, sawa. Rangi, sawa, vizuri sana. Waya wa kanyagio, hapana. Huu umeufunga mbele. Haukukaa hivi. Ulipita nyuma, chini ya sanduku la betri, ukazungushwa kwenye chuma cha breki. Ukiufunga mbele hapa dereva anaufungua mwenyewe kwa mkono, si unaona? Kwa nyuma haufikii."

Akanyoosha mgongo, anangoja kuambiwa asante.

Hakuna aliyemshukuru. Nilikuwa nimeshika kisu kilichojaa siagi na sikuweza kukiweka chini. Neno kwa neno, mama yangu. Neno kwa neno kama Norris alivyolisema akila.

Ni Desmond aliyeongea, na sauti yake haikuwa ya katibu wa klabu, ilikuwa ya mchimbaji. "Waya gani, Aubrey?"

"Nini?"

"Uliapa hapakuwa na waya. Nilikuwa nimekaa mstari wa pili, nilikusikia. Sasa waya gani huo unaoujua mpaka unakopitia?"

Coates aliangalia kioo mkononi mwake. "Nazungumzia mfano huu. Kwa kanuni. Kama ungekuwepo."

"Hukusema kama," Desmond akamwambia. "Umesema ulipita nyuma."

"Imekuwa zamani sana, jamani. Mnataka nini kwa mzee? Kulikuwa na ratiba ya kutimiza, wote mlikula kwa ratiba ile, hata wewe Desmond..."

Akajisikia anachosema, akakirudisha kioo mfukoni. Sijui mtu mwingine angeona huruma. Mimi sikuona. Nilimtazama Desmond naye kwa hasira ile ile, maana ni mdomo wake uliopenda msemo wa kopo kuliko wote, na sasa alikuwa amejaa haki utadhani ameizaa yeye. Nilitazama ukumbi mzima. Wote walikuwa wamebana vikombe vyao kifuani. Mlango wa ukumbi ulikuwa umezuiwa kwa tofali ili upepo upite, na asubuhi ile ile nilikuwa nimemsikia mtu, akiliweka, akiliita kopo la Norris.

Thirza hakupiga kelele. Maisha yake yote nilikuwa nimesubiri apige kelele. Alivaa miwani, akachukua koleo lake dogo, akaukata ule waya wa mbele. Akatoa mwingine kwenye mfuko wa aproni, umeshakatwa urefu wake, umeshakunjwa, akaupitisha nyuma, chini ya sanduku la betri, akauzungusha kwenye chuma cha breki. Uliingia mara moja bila kusumbua. Kila mtu aliyekuwa karibu aliona kwamba ulitengenezwa kwa ajili ya mahali pale tangu mwanzo.

Kisha akatoa mtu. Dereva mdogo wa madini ya risasi, amepakwa rangi, kofia ya mgodini, mabega yameinama mbele kidogo. Nilimjua kwa mabega. Alimkalisha kwenye kiti, magoti yakakaribia kidevu, mguu juu ya kanyagio. Juu ya mapaja yake, mikono yote miwili imelishika kama mtu aliyebeba mayai, kulikuwa na kopo la chakula, limefungwa. Ndivyo Norris alivyolibeba siku zote, kwa sababu sakafu ya kile kichwa ilikuwa na asidi na hakutaka mkate wake uharibike.

Thirza akakigeuza kile kichwa, taratibu, mpaka dereva akawa anamtazama Coates.

"Hebu chukua kioo chako, Bwana Coates," alisema. "Angalia vizuri lilipo kopo. Kama nimekosea, nisahihishe."