Kijiko Kinachogonga Chenyewe

Mtaa mzima ulimwita Mama Kijiko, na jina lilimkaa. Kila asubuhi, kabla hajafungua kinywa redioni, aligonga kikombe chake cha chai kwa kijiko, ting, ting, ndipo aseme, "Haya, mliolala na mliokesha, kumekucha!" Wasikilizaji walidhani ni mbwembwe za mtangazaji. Kumbe ishara ile haikuwa yao hata kidogo. Ilikuwa ya dada yake.

Mama yao alipofariki, dada ndiye aliyemlea: akamsuka, akamchapa, akamsomesha. Siku mdogo mtu alipopata kazi ya utangazaji mbali na nyumbani, dada alimshika mkono asimwachie.

"Nami nitajuaje kama umeamka salama?"

Enzi hizo simu ilikuwa kitu cha wakubwa. "Nitagonga kijiko," mdogo akajibu. "Ukikisikia, jua nipo."

Basi dada naye, huko aliko, akawa anagonga chake mbele ya redio kumjibu. Hakuna aliyemsikia, lakini aligonga tu, miaka nenda miaka rudi. Ukimwambia redio haina masikio, anakuuliza wewe unayo ya nini.

Kisha akaja Meneja mpya, mwanamume wa viatu vilivyochongoka na ulimi uliochongoka zaidi. Akatangaza kwamba mnara unazimwa na kituo kinahamia kwenye mtandao. "Redio ya kabatini imekufa, mama. Sasa tunakaa mfukoni mwa mtu." Mama Kijiko hakubisha. Abishe, halafu? Kwa umri ule, angekwenda kubisha hodi kwa nani? Akamnunulia dada simu, akamfundisha pa kubonyeza, maisha yakaendelea.

Meneja hakuishia hapo. Alitaka kila mtangazaji arekodi vipindi vya akiba, ili mtu akiugua au akichelewa, mtambo uvirushe wenyewe. Mama Kijiko akafungiwa kwenye kichumba kisicho na dirisha, hedifoni masikioni, akarekodi salamu, utani, vicheko, hadi "Leo nimeamka mzima kama chuma!" Na mkono una mazoea kuliko kichwa. Mwanzo wa kila kipindi, ting, ting. Hakuwaza. Nani anawaza anapopumua?

Siku dada alipofanyiwa upasuaji wa macho, Mama Kijiko alikuwa ameahidi kwamba akizinduka tu, atamkuta kando ya kitanda. Homa ikamwahi. Asubuhi hakuweza hata kuinua kichwa, na mumewe ndiye aliyepiga simu wodini.

"Shemeji, samahani sana. Mdogo wako yuko hoi, hata uji haushuki."

Dada alikuwa amelala na bandeji machoni, kijiko chake amekiweka juu ya mto, wauguzi wakimshangaa. Alikuwa ametoka kusikiliza kipindi sasa hivi.

"Homa gani hiyo, shemeji, inayocheka?" akauliza, akakata simu.

Homa ilipoachia kidogo, Mama Kijiko alikwenda wodini akijikokota ukutani.

"Dada, ile ilikuwa rekodi."

"Na kijiko?"

"Nacho rekodi."

"Kijiko chetu?" Dada akacheka kicheko kikavu. "Muuguzi amenisomea kwenye simu, wameandika kipindi kilirushwa 'moja kwa moja'. Useme tu umechoka kuuguza mtu. Mimi sikuchoka kukuosha kamasi."

"Wameandika uongo, dada!"

"Nenda kazini. Wazima wakafanye kazi." Akageukia ukutani. Simu zilizofuata hakupokea hata moja.

Mama Kijiko akaona maneno hayatamtoa hapo, maana maneno ndiyo yaliyomtia. Asubuhi iliyofuata hakwenda kazini wala hakuomba ruhusa. Akaenda wodini, akaketi kitandani. Dada akajua nani amekuja kwa harufu ya mafuta yake ya nywele, lakini hakumsemesha. Saa ya kipindi ikafika, na Mama Kijiko akaibonyeza simu mwenyewe.

Ting, ting. "Haya, mliolala na mliokesha, kumekucha!"

Dada akashtuka. Akapapasa hewani, akaupata uso, akashuka hadi mdomoni. Vidole vyake vikatulia juu ya midomo iliyofungwa, na huku simu inabwabwaja na kucheka na kumsalimia kila mtu.

"Ndiyo au hapana," dada akanong'ona. "Ni wewe huyu?"

Mama Kijiko akaitikia kwa kichwa chini ya vidole vile.

"Nisamehe, mdogo wangu. Nisilie, daktari amenikataza." Dada akaipapasa simu, akaizima. Kisha akasema polepole, "Kwa hiyo siku ukifa, hawa wa redio wataendelea kunigongea kijiko."

"Dada jamani!"

"Nakosea? Acha kazi hiyo."

"Nikiacha, nimeacha mimi. Sauti inabaki kwao."

Alikwenda kituoni mchana, visingizio vimemjaa mdomoni. Hakuhitaji hata kimoja.

"Mama Kijiko! Kipindi cha leo kilikuwa moto," Meneja akamwambia.

"Leo sikuwepo."

Meneja akatazama skrini yake, akakuna shavu. "Kumbe! Hata sikugundua."

Meneja hakukasirika. Bora angefokewa.

"Futa vile vya akiba," akasema. "Au basi, toa kijiko tu. Hicho ni changu na dada yangu."

"Kijiko? Mama, kijiko ndiyo kituo chenyewe! Tumekitia kwenye simu za watu wote, kipindi kikianza kinagonga chenyewe." Akamsukumia kikombe cha chai kilichokuwa mezani, kijiko chake kikiwa ndani. "Hiki chukua kama unakipenda."

Kesho yake aliketi tena kwenye kile kichumba. Kijiko alikuwa amekifungia ndani ya mkoba, na mkoba ameukalia. Akabana mikono magotini, asubiri aone.

Ting, ting, kikagonga masikioni mwake.

Nyuma ya kioo Meneja akamzungushia kidole: sema, mama, sema. Akasema.

Na huko wodini, alijua, dada amekisikia. Lakini chake, dada hakukigusa kumjibu.