Msafara wa Injini Zilizozimwa

Ukimuulizia Mellen pale Kehancha, watakuuliza Mellen yupi, mshonaji au mkaidi. Sema mkaidi. Mshonaji ana heshima zake, lakini huyu mwingine ndiye mwenye pikipiki nyekundu, na ndiye aliyemfanya mheshimiwa mbunge ashuke garini atembee kwa miguu mchana kweupe, kwenye barabara ambayo mheshimiwa mwenyewe aliahidi kuitengeneza.

Ukaidi hakuuanza juzi. Alizaliwa ng'ambo ya kivuko cha Irigena, kwa watu wa tumbaku, na utoto wake aliumaliza akitundika majani kwenye banda la kukaushia huku kichwa kikimzunguka kwa harufu. Siku moja, bado yuko shule ya msingi, alimwambia baba yake kwamba shamba lile linalisha watu wote isipokuwa wao. Akachapwa. Kesho yake akarudia maneno yaleyale, akachapwa tena, na siku ya tatu baba akaona heri amwache aseme.

Alipomaliza kidato cha nne alipelekwa Mbita kwa shangazi yake aliyeolewa huko, muuza omena, wale dagaa wa ziwani. Magunia yalitoka kisiwani Rusinga, na kijana aliyekuwa akiyabeba alikuwa mtu wa kuchelewa. Mellen akajifunza pikipiki palepale, huku wanawake wa samaki wakimcheka kwa Kijaluo, lugha ambayo hakuijua bado. Aliijua upesi, kwa sababu alitaka kuwajibu. Huko pia ndiko alikoona daraja likijengwa mpaka likaisha, watu wakapita juu na maji yakapita chini, na hakuna aliyeambiwa asubiri uchaguzi ujao. Kwa hiyo mtu asije kumwambia kwamba daraja ni muujiza.

Aliporudi nyumbani na pikipiki yake, Machuki, mwenyekiti wa stegi ya bodaboda ya njia panda, alimpokea kwa kicheko. Mwanamke kwenye stegi! Akamweka mwisho wa foleni na kuwaambia wenzake kwamba wiki haitaisha kabla hajarudi jikoni. Wiki ikaisha. Mvua za masika zikaja zikaondoka. Akina mama wajawazito wakawa wanamsubiri yeye tu, walimu wa kike vilevile, na wanaume wa stegi wakajifunza kumwita mwenzetu, wengine kwa shingo upande.

Wa kwanza kumwita hivyo alikuwa Bichage, mtu mpole mwenye sauti ya chini. Ndiye aliyemfundisha kuvuka Irigena. Kuna jiwe jeupe katikati ya mto, alimwambia, na usipoliona usivuke. Ni ushauri mzuri, ila haumfai mtu aliyebeba mtoto mwenye homa na mama wa mtoto analia nyuma yake. Msimu wa mvua uliopita Bichage alivuka bila kuliona jiwe. Mama na mtoto walidakwa na watu wa ng'ambo. Yeye alipatikana maiti, kule mto unakoteremkia, mbali na pikipiki yake.

Stegi ile ina desturi. Mwendeshaji akifa, wenzake hukutana barabarani, huzima injini na kusukuma pikipiki kwa mikono nyuma ya jeneza hadi bomani kwa marehemu. Honi hazipigwi, nyimbo haziimbwi. Utasikia magurudumu na pumzi za watu, basi. Walimsukumia Bichage hivyo, na Mellen alilia njia nzima bila kujificha.

Hasira yake ilikuwa na mizizi ya nyuma zaidi. Mwaka ule vijana wa nchi nzima walipojaa barabarani kupinga mswada wa fedha, Mellen alikuwa Migori mjini, leso imefungwa puani kwa sababu ya moshi wa polisi. Alirudi na macho mekundu na matumaini makubwa, akidhani mambo yatageuka mwezi uleule. Hayakugeuka. Wenzake wa stegi wakaanza kusema siasa ina wenyewe, tuendelee kubeba watu. Maneno hayo yalimuuma kuliko moshi.

Basi ikafika habari kwamba mheshimiwa anakuja kuweka jiwe la msingi la daraja la Irigena. Nasema jiwe la msingi kana kwamba ni la kwanza. La kwanza aliliweka alipokuwa akiomba kura, na watu wanalitumia kunolea panga. La pili lilichukuliwa na mto wenyewe, mto usiojua itifaki. Hili lilikuwa la tatu, na Kenya bado haijafika mwaka wa kura, lakini wanasiasa husikia harufu ya kura toka mbali kama mbwa na mfupa.

Machuki aliwakusanya watu wake. Stegi itamsindikiza mheshimiwa kutoka lami hadi mtoni, alisema, kama ilivyo kawaida: matawi kwenye taa, honi juu, mafuta yatajazwa asubuhi na pesa ya soda itatolewa baadaye. Yeye ameshatoa neno la stegi. Atakayekosa msafara atakuwa ameacha nafasi yake kwenye foleni, na wanaoitafuta nafasi hiyo ni wengi. Alisema hivyo akimtazama Mellen.

Mellen alipiga hesabu kichwani. Nafasi ile ndiyo iliyokuwa ikimlisha Boke, binti yake wa darasa la kwanza. Nje ya stegi huruhusiwi kupakia abiria njia panda, na ukijaribu utapigwa. Lakini kupiga honi mbele ya gari la mtu yule, kwenye njia ileile waliyomsukumia Bichage, hilo hangeliweza. Aliona kabisa kwamba akienda atajidharau na asipoenda mtoto atalala njaa.

Machuki alipoondoka, Werema, mzee kuliko wote pale na mwenye watoto wengi, akasema hakuna la kufanya, neno la stegi limetoka. Bravin, mwenye mdomo mwepesi, akasema watoboe magurudumu ya mheshimiwa. Mellen akawaambia wasitoboe chochote.

"Neno la stegi ni kusindikiza," alisema. "Tutasindikiza. Lakini kuna mtu alisema injini iwake?"

Hawakumwelewa mara moja. Walipomwelewa, Bravin alishika kichwa. Werema akauliza kama ni sawa kumfanyia mtu aliye hai mambo ya msiba. Mellen alimjibu kwamba msiba upo, ila haumo ndani ya gari. Wakakubaliana jambo moja zaidi: hakuna kugusa mafuta ya mheshimiwa. Kila mtu ajaze tangi lake mwenyewe.

Siku yenyewe jua lilikuwa kali. Gari la mheshimiwa lilifika njia panda, jeusi na refu, likifuatwa na mengine, na Machuki akaruka juu ya pikipiki yake iliyopambwa matawi, akapiga honi na kuondoka kwa kishindo. Alikwenda mbali kidogo ndipo akasikia kwamba honi ni yake tu. Nyuma yake stegi nzima ilikuwa imeteremka. Walikuwa wamejipanga wawiliwawili, mikono kwenye usukani, wanasukuma.

Njia ya Irigena ni nyembamba. Huku mtaro, huku mahindi ya watu, na gari halina pa kupita. Kwa hiyo mheshimiwa akawa anatambaa nyuma ya pikipiki zilizozimwa, akiingia kila shimo alilokuwa akiliruka kwa mwendo kasi, na sasa akipata nafasi ya kulifahamu moja moja. Watu wakatoka mashambani kutazama. Waliijua desturi ile. Wazee walivua kofia, na mama mmoja akauliza kwa sauti nani amekufa. Nadhani mheshimiwa alilisikia swali hilo vizuri, maana dirisha lake lilipanda.

Lakini ni mtu aliyeishi Nairobi miaka mingi, desturi ile hakuijua, akaelewa alivyoelewa. Alimtuma msaidizi wake, kijana wa miwani ya jua, awaulize vijana kama petroli imewaishia, iletwe upesi. Werema, yuleyule aliyekuwa na wasiwasi, alisimama akafungua kifuniko cha tangi lake na kumwonyesha. Limejaa. Wa pili akafungua, wa tatu naye. Msaidizi alipita kwenye mstari akichungulia matangi mpaka akafika mbele, kwa Mellen.

"Kila lita ya hii petroli imekatwa pesa ya barabara," Mellen alimwambia. "Mwambie mheshimiwa hatujakuja kuomba daraja. Tulishalipa, tunangoja liletwe."

Msaidizi alicheka kidogo, akasema hayo mambo ni ya ofisini, akarudi garini. Punde mlango ukafunguliwa.

Hapa lazima nimpe mheshimiwa haki yake: mjinga si yeye. Alivua koti, akakunja mikono ya shati, akaja akitembea kwenye vumbi huku wapiga picha wake wakimkimbilia mbele. Alimsalimia kila mtu. Akafika kwa Mellen, akatabasamu, akaweka mikono yake miwili kwenye usukani wa pikipiki nyekundu ili asukume. Mellen aliiona picha kabla haijapigwa: mheshimiwa akisukuma na vijana wake, mheshimiwa mtu wa watu. Jioni ingekuwa kwenye simu za kaunti nzima, na Bichage angekuwa amekufa ili mtu apate picha.

Hakuachia. Alisimama, akaishika pikipiki kwa nguvu zake zote, na mstari mzima ukasimama nyuma yake.

"Niachie kidogo tu, dada," mheshimiwa alinong'ona, tabasamu liko palepale. "Wapige, kisha nikuone ofisini kesho. Wewe ni mtu wa kusaidiwa."

"Hii ina mwenyewe, mheshimiwa," Mellen alisema, wala hakunong'ona. "Toa mkono."

Ilikuwa kimya kiasi cha kusikia kamera. Mellen alimuogopa mtu yule, tena sana. Mtu anayeweza kukufungia kila mlango kuanzia zahanati hadi kwa chifu. Lakini mikono ilikataa kuachia. Mheshimiwa alitoa wake. Alitembea kipande kilichobaki peke yake, koti begani, vumbi mpaka magotini, huku pikipiki zikimfuata polepole kama zilivyomfuata Bichage.

Mtoni aliweka jiwe lake. Alihutubia, akasema anawapenda vijana wenye hasira kwa sababu hata yeye alikuwa kijana. Hakuna aliyepiga makofi. Hata watu wa ng'ambo, waliosimama ukingo wa pili kwa sababu hawangeweza kuvuka kuja kusherehekea daraja lao, walikunja mikono. Akaondoka mapema, na ya soda haikutolewa.

Machuki hakungoja kesho. Alimtangazia Mellen palepale kwamba stegi haimjui tena. Wengine alishindwa kuwafukuza, angebaki na stegi ya mtu mmoja, kwa hiyo akamchagua yeye. Na wale wengine, niseme ukweli, waliinamisha vichwa. Kusukuma kwa pamoja walikuwa wameweza. Kusema kwa pamoja walikuwa hawajaweza bado.

Zilifuata siku ngumu. Mellen aliegesha pikipiki ng'ambo ya barabara, juani, akitazamana na foleni aliyotolewa. Abiria wake wa zamani walimpungia mkono kwa mbali na kupanda za wengine, kwa kuogopa fujo. Kuna jioni Boke alilala na uji mtupu. Mellen alijilaumu, akamlaumu Bichage kwa kufa, akawalaumu wenzake kwa majina yao yote, na asubuhi akarudi palepale juani. Dada zake walimshauri aende Mbita kwa shangazi. Alisema ataenda siku atakayotaka, si siku atakayofukuzwa.

Mwishowe Machuki alivuka barabara kumfuata. Alikuja kwa upole, mikono nyuma, kama mtu mzima anayekuja kusuluhisha. Alisema hana kinyongo. Nafasi ya Mellen ipo, hata mheshimiwa amesamehe, amesema mambo yaishe. Kilichobaki ni Mellen aje asimame mbele ya stegi, aombe msamaha kwa mwenyekiti, arudi kazini akalishe mtoto. Alisema kwa sauti ya kutosha ili foleni nzima isikie huruma yake.

Mellen alishuka kwenye pikipiki. Alivuka barabara naye mpaka mbele ya foleni, na Machuki akadhani imekwisha, akaweka sawa kofia.

"Mwenyekiti," Mellen alisema, "uchaguzi wa hii stegi ni lini?"

Machuki alimuuliza uchaguzi gani.

"Ule wa mwenyekiti. Maana nimeuliza kila mtu hapa, hakuna mwenye anakumbuka kukupigia kura. Nataka kusimama."

Machuki alicheka. Alicheka kwa sauti, akapiga paja, akageukia foleni ili wacheke naye. Bravin alikuwa akimtazama. Werema alikuwa amezima injini. Hakuna hata mmoja aliyekuwa akicheka, na Werema akauliza, kwa adabu zote, kama Jumamosi itawafaa.