Wifi Alinipa Kiti cha Mtoto Chenye Vioo

Msomaji wetu yuko Johannesburg na hataki kujulikana. Msomeni mpaka mwisho kabla ya kumrukia.

Admin, hata ukinipa jina la bandia, usinipe linaloanza na herufi yangu. Wifi yangu anafuata ukurasa huu na ana macho.

Nina miaka 31, kwetu ni Bukavu, nasuka nywele hapa Kensington tangu 2012. Mume wangu ni mlinzi kwenye maghala ya Midrand. Tuna mtoto mmoja wa kike, ana miezi tisa. Nilimpata baada ya mimba mbili kuharibika, kwa hiyo mkiniona nashuku kila mtu, mnielewe.

Wifi yangu ni dada mkubwa wa mume wangu. Huu ni mwaka wa nane wa ndoa yake na hajajaliwa mtoto. Sisemi kwa kumcheka. Lakini nilipojifungua alikuja, akambeba mwanangu, akamtazama weee, mwisho akasema, "Huyu mutoto ni muzuri mpaka anatisha." Jamani, mzazi anaambiwa hivyo? Neno hilo nikaliweka moyoni.

Tulipopata kigari chetu, akatuletea kiti cha mtoto cha kufunga kwenye gari. Kilikuwa kimezungushiwa nailoni na kinanukia sabuni ya kufulia. Nikamuuliza amekipata wapi. Akanijibu, "Wee pokea tu. Zawadi, batu banaulizaka ilitoka wapi?" Nikasema asante kwa mdomo. Kikulacho ki nguoni mwako, hilo nalijua tangu utoto. Lakini mume wangu alifurahi, kiti kikafungwa, tukawa tunaenda nacho kanisani kila Jumapili.

Nilipompeleka mtoto chanjo, muuguzi mmoja alitutoa akina mama nje mpaka kwenye magari yetu, atufundishe. Akasema mtoto mdogo atazame nyuma, siyo mbele. Mkanda ukazwe mpaka vidole vishindwe kuukunja. Koti zito la baridi avuliwe kwanza, kisha afunikwe blanketi juu ya mikanda, maana koti likibonyea mkanda unabaki umelegea. Mimi nilikuwa nimekosea yote matatu, na nilikuwa najiona mjanja kuliko wale wanaompakata mtoto mbele wakisema Mungu yupo.

Halafu akasema kiti kilichowahi kuwa ndani ya ajali hakifai tena, hata kikionekana kizima, kwa sababu kinaweza kuwa kimepasuka ndani. Akavua kitambaa cha kiti changu. Kwenye pembe kulikuwa na punje za kioo cha gari, kama chumvi ya mawe, na plastiki ya chini ilikuwa na ufa mrefu. Akaniuliza nimekitoa wapi. Nikamwambia ni zawadi.

Mume wa wifi anafanya kazi kwenye yadi ya kuvunja magari ya ajali. Nikaanza kujiuliza: mtoto aliyekaa humu kabla ya wangu yuko wapi? Na kwa nini kilifuliwa kwa bidii vile? Nilimweleza mume wangu jioni ile, akawaka. "Dada yangu njo alinilea. Leo unamuita mulozi? Kiti kinabaki mu gari, mambo imeisha."

Sasa dhambi yangu ni hii. Marehemu shangazi yangu alikuwa akisema kitu kibaya ukikitupa kinarudi, ukikigawa kinahama. Nikafagia vile vioo, nikafua kitambaa, kiti nikampa rafiki yangu Mburundi, mteja wangu wa saluni, tunasali naye kanisa moja. Alikuwa mjamzito wa mtoto wa kwanza. Nikamwambia, "Chukua, nimekitumia kidogo tu." Mume wangu nikamdanganya kwamba mtoto amekizidi, nikanunua kipya dukani. Yule rafiki alilia kwa furaha. Alipojifungua mtoto wa kike akampa jina langu.

Kila Jumapili namwona somo yangu ndani ya kile kiti. Wiki mbili zilizopita baba yake alitusimulia nje ya kanisa, anacheka, "Taa ya robot imegeuka nyekundu, nikapiga breki kali! Mutoto hata hakuamuka. Asante kwa kiti chako, mama." Wote wakacheka. Mimi nikasingizia choo, nikaondoka.

Jumapili hii wifi alikuja kusali kwetu, naye akakiona. Akanivuta pembeni. "Kama ulikuwa haukitaki, si ungenirudishia? Nilikifua siku mbili na mikono yangu. Bwana yangu alikitoa mu gari moja kule kazini, akasema ni kizima. Ama unanizania nilitaka kuua mutoto wa ndugu yangu?" Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Nilimtazama nikitafuta uongo, na mpaka leo bado natafuta. Lakini hata kama ni mwongo, ule ufa siye aliyempa rafiki yangu. Ni mimi niliyeuona kwa macho yangu, nikaufunika kitambaa, nikampa mtu.

Naona aibu, na naogopa. Nikimwambia rafiki yangu, atajua nilichomfanyia, mume wangu atajua nilimdanganya, na wifi atapata ushahidi kwamba nilimwita mchawi. Nimefikiria kununua kingine nimpelekee kama zawadi, lakini ananipenda mno, atakigawa kile cha zamani kwa mwingine kama nilivyokigawa mimi.

Nimeandika ujumbe kwenye simu mara nne, nimeufuta mara nne. Ijumaa asubuhi wanasafiri kwenda Durban na mtoto, njia ya saa sita. Leo ni Jumatano. Nyinyi mngeanza na neno gani?