Risasi Nilizomchagulia Binti Yangu

Risasi nilizichagua mimi. Naanza na hilo kwa sababu kwa muda mrefu, nikiwahadithia watu kanisani, nilikuwa nasema "risasi zilizonunuliwa", utadhani zilijinunua zenyewe.

Ilikuwa Oktoba ya 2018, Arlington, Texas. Binti yangu alikuwa na miaka kumi na miwili na alitaka kuwinda kulungu. Wenzake darasani walikuwa wanakwenda na baba zao, na yeye baba hana, ana mjomba. Mjomba mwenyewe ni ndugu yangu mdogo, anakaa Carrollton, anaendesha foklifti kwenye ghala, na wenzake wa kazini walimfundisha kuwinda mpaka akanunua bunduki yake. Mimi nilikataa mwaka mzima. Sisi ni watoto wa askari wa wanyamapori, tumezaliwa Voi, na kwetu anayempiga mnyama risasi ana jina moja tu: jangili. Lakini mtoto alisoma kozi ya uwindaji salama mwenyewe, akafaulu, akaniletea cheti jikoni nikisonga ugali. Nikasema haya, nenda. Kulikuwa na wikendi moja ya watoto kabla ya msimu kufunguliwa kwa wakubwa, na zilibaki wiki tatu.

Ndugu yangu akanipigia simu. Duka la bunduki lilikuwa njiani kwangu nikitoka kazini, basi nipitie, niombe risasi nyepesi, zile zilizopunguzwa baruti kwa ajili ya watoto, maana bunduki yake hupiga teke begani. Alinitajia ukubwa, nikauandika kiganjani: 308.

Sasa, mimi nina kichwa changu. Njia nzima nilibishana naye peke yangu garini. Nyepesi za nini? Baba yetu hakuwa msemaji, lakini hili alilirudia kila mara: afadhali ukose kabisa kuliko kupata nusu. Aliwahi kumfuata nyati aliyejeruhiwa na majangili siku mbili porini, akarudi nyumbani hataki chakula. Halafu mimi nimpe mwanangu risasi dhaifu, amtoboe mnyama, mnyama akimbie akivuja damu? Ng'o. Hata hospitali, kwetu ukipewa vidonge bila sindano unaona hukutibiwa.

Muuzaji alikuwa kijana mpole mwenye ndevu nyekundu. Aliniuliza nitawinda nini, nikamwambia kulungu. Akaniuliza ni nani atakayepiga.

Swali la kawaida kabisa, na sasa najua huuliza kila mteja. Lakini mimi nilikuwa mgeni, mweusi, peke yangu dukani, na mtu nisiyemjua ananiuliza habari za bunduki na za mtoto wangu kwa pumzi moja. Sisi wahamiaji wenyewe kwa wenyewe tumeonyana sana: habari za watoto usimpe mtu usiyemjua, kesho utabishiwa hodi na watu wa serikali. Nikajibu kwamba ni mimi. Akanitazama mabega, ambayo Mungu hakuninyima, akaridhika. Akanipa nzito, na nyepesi mimi sikuzitaja.

Jumamosi, kwenye uwanja wa shabaha, ndugu yangu aliona boksi akaguna. Akasema hizi sizo. Nikamwambia ndizo zilizokuwepo, na huo ukawa uongo wa pili. Alitaka tuahirishe, lakini mtoto alishavaa vizibo vya masikio na kukaa kitini, na mimi nikasema apige mbili tatu tu, atakufa?

Ya kwanza ilimsukuma nyuma mpaka kofia ikamtoka.

"Jikaze," nikamwambia.

Alipiga saba. Kila moja nilimwambia neno hilo hilo, na kila mara aligeuka akanionyesha dole gumba, nami nikajaa fahari, mjinga mimi. Matundu kwenye karatasi yalizidi kutawanyika, na risasi ya saba haikugusa karatasi kabisa. Ndugu yangu akaichukua bunduki akasema inatosha.

Mimi kazi yangu ni kutunza wazee majumbani mwao. Kila asubuhi kabla ya chai namgeuza mzee wangu upande huu na huu, natazama ngozi, na nikiona doa naandika: liko wapi, ukubwa gani, rangi gani. Ndiyo kazi inayonilisha. Na mtoto wangu alivaa sweta nzito tangu Jumapili, joto la Texas bado linakaanga watu, nami sikuuliza. Jumatano nikipita nyuma ya kiti chake nilimgusa bega, akaruka. Nikauvuta ukosi wa sweta. Kutoka mfupa wa shingo hadi karibu na kwapa damu ilikuwa imevilia, zambarau katikati, pembeni imeanza kuwa kijani.

Nilipandwa na hasira, nikamfokea. Kwa nini hukusema? Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, akitazama meza, kwamba nilimwambia ajikaze na akajikaza. Halafu akaongeza kwamba angesema, ningemnyima kuwinda.

Hasira ikanyauka, ikaja hofu. Nilikumbuka kipindi cha michezo, watoto wakibadilisha nguo pamoja. Mwalimu akiona bega lile analazimika kuripoti kwa watu wa serikali, kama mimi ninavyolazimika kazini. Nikamuuliza kama kuna mtu ameliona. Akasema hapana, tangu Jumatatu anabadilisha nguo chooni, amejifungia. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Mtoto wa miaka kumi na miwili alishajua kuficha mwili wake, na hakujifunza hilo mbali. Mchuma janga hula na wa kwao.

Nilimpigia ndugu yangu nikamwambia yote, na la muuzaji pia. Nilitarajia anicheke, maana kunicheka ndiyo ada yake. Hakucheka.

"Dada, mficha uchi hazai," akasema. "Rudi dukani, useme ukweli."

Kesho yake nilirudi. Kijana wa ndevu nyekundu alikuwepo. Nilingoja wateja waishe.

"Nilikudanganya," nikamwambia. "Risasi ni za binti yangu. Ana miaka kumi na miwili, na ameumia bega."

Nilitazama mkono wake kama utakwenda kwenye simu. Haukwenda. Aliniuliza mtoto ana uzito gani, bunduki ni urefu gani, atapiga kutoka umbali gani. Akashuka kwenye rafu ya chini akatoa boksi jingine. Akanieleza kwamba teke la hizi ni kama nusu ya zile, na kwamba kulungu wa huku si nyati. Ndani ya hatua themanini hizi zinamtosha, mradi zipigwe mahali pake. Kisha akasema jambo lililonikaa: wanyama wanaokimbia na majeraha wengi wamepigwa na watu waliofumba macho, si na baruti kidogo. Nililia garini, nimeegesha kati ya malori mawili.

Tuliliacha bega siku kumi. Alipotuambia limepona, tukarudi uwanjani. Zile nyepesi zilimsukuma kidogo tu, hata yeye akashangaa. Lakini ndugu yangu, bila kumwambia, alichanganya na risasi tupu isiyo na baruti. Binti yangu akavuta triga, bunduki ikalia tik, kimya. Na bado mwili wote ulijirusha nyuma, macho ameyafumba, mtutu umechimba chini. Hakuna kilichompiga. Ndugu yangu akaninong'oneza kwamba risasi tumebadilisha, bega halijasahau. Akamrudisha kwenye zoezi hilo mara nyingi siku ile, mtoto akatulia kiasi, si sana. Mjomba akamwambia atakachoamua huko porini ni chake, hakuna atakayeuliza.

Jumamosi ya watoto tulikuwa watatu ndani ya kibanda cha mbao, magharibi ya Fort Worth, magoti yamegusana. Kulipopambazuka kulungu jike alitoka kwenye vichaka, peke yake, akasimama ubavu hatua kama sitini. Hata mimi jangili mpya niliona hapatatokea nafasi kama ile. Ndugu yangu akaitikia kwa kichwa. Binti yangu akaweka shavu kwenye kitako cha bunduki, jicho kwenye darubini. Akapumua kama alivyofundishwa.

Mtutu ulikuwa unatetemeka. Na mimi lile neno lilikuwa limenijaa mdomoni, wallahi, limefika kwenye meno. Nikaung'ata ulimi. Nilimhesabia pumzi nne, tano. Mnyama alitafuna, akainua kichwa, akainama tena. Sijawahi kuona dakika ndefu kama ile, na nimekaa na watu wanaokufa.

Akatoa kidole kwenye triga. Akafunga sefti isifyatuke, akaishusha bunduki taratibu mapajani, mtutu dirishani.

"Mama, naogopa," akasema. Alisema kwa Kiswahili, ambacho huniletea akiwa mgonjwa tu. "Bado naogopa."

"Sawa."

Ndugu yangu akatazama dirisha la upande wa pili, ambako hapakuwa na kitu.

"Umekasirika?"

Ilikuwa rahisi kusema hapana. Nilikuwa nimeamka saa tisa usiku, nimeomba ruhusa kazini, nimedhalilika dukani, na mnyama amesimama pale kama ametumwa.

"Ndiyo," nikamwambia. "Kidogo. Itaisha."

Akanitazama kuona kama natania. Akaona sitanii. Akakaa akifikiri, kisha akaniegemea, akaninong'oneza kwa sauti ambayo ilinibidi niinamishe kichwa kuisikia.

"Na bega halijapona, mama. Niliwadanganya."

Kulungu alikuwa bado anakula. Nikamwambia avue koti nilitazame.