Rangi ya Damu ya Mzee

Gari letu la kwanza lilikuwa la rangi ya damu ya mzee, na mpaka leo nikikutana na gari la rangi hiyo naangalia pembeni. Si kwamba tulipata ajali nalo. Lilikuwa gari jema, halikutulaza njiani hata mara moja. Kosa halikuwa lake.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa na magari yaliyotumika Japani yalipoanza kumiminika Mwanza, na watu ambao juzi tu walikuwa wanapanga foleni ya sukari wakawa wanabishana kuhusu vioo vya umeme. Mume wangu alikuwa ameacha kazi serikalini akaingia kwenye biashara ya sangara. Baba yake, mfugaji wa ng'ombe ng'ambo ya Busisi, hakupendezwa. Alikuwa ameuza mifugo kumsomesha, na sasa msomi wake alikuwa anarudi nyumbani ananuka samaki. Hakumgombeza. Alinyamaza tu, na mzee yule akinyamaza, heri angetukana.

Gari halijamaliza mwezi, wifi yangu, dada yake mume wangu, akaja mjini kuuza mchele. Alilizunguka, akagusa taa, akacheka peke yake. Wakati wa kuaga akasema, "Kaka, Baba anasema mlilete hilo gari alione. Msikawie."

"Alione?"

"Ndivyo alivyosema. Alione."

Wifi alipoondoka, mume wangu akabaki analitafuna neno lile kama mtu aliyeng'ata jiwe kwenye wali. Alione. Yaani haamini. Yaani anadhani nimenunua bati. Mimi nilicheka. Sisi Wahaya ndio tunaosemwa nchi nzima kwa majivuno, lakini siku hiyo niligundua kwamba nimeolewa na bingwa.

Hofu yake ilikuwa na mzizi, lakini. Mzee alikuwa na namna yake ya kumpima ng'ombe. Hakujali sana kumtazama. Alimpitishia kiganja mgongoni, kuanzia mkiani kwenda shingoni, kinyume cha manyoya, kisha akakwambia kama mnyama huyo aliugua masika iliyopita. Mume wangu alikuwa amekua akikishuhudia kiganja hicho kikiwaaibisha wauzaji mnadani.

"Atalipitishia mkono," akaniambia. "Na boneti imepauka. Lazima ling'ae."

Tulipanga kuvuka kwa pantoni Jumapili. Jumamosi asubuhi akaamua tuling'arishe wenyewe, hapo hapo nyumbani Igoma, uani, kati ya jiwe kubwa na kamba ya kuanikia nguo. Hakuna kati yetu aliyewahi kufanya kazi hiyo. Vijana waliokuwa wakiosha magari ziwani hakuwataka, alisema wanasugua kwa mchanga. Kwenye buti, chini ya tairi la akiba, tulikuwa tumekuta kopo la bati lililokuja na gari. Lilikuwa na maandishi ya Kijapani kuanzia juu hadi chini, na picha ya gari linalometameta kiasi kwamba mti unaonekana ubavuni mwake kama kwenye kioo. Ndani mlikuwa na dawa nzito ya kijivu.

"Unajuaje ni ya kung'arishia?" nikamuuliza.

"Si unaona picha? Mjapani akuwekee dawa ya uongo kwenye gari lake?"

Siku hizo chochote kilichoandikwa herufi tusizozijua tulikiamini kuliko kilichoandikwa Kiswahili. Nikachana khanga yangu kuukuu vipande viwili. Changu kilibaki na nusu ya maneno yake: *yavuta heri*. Subira yenyewe ilikuwa kwenye kipande cha mume wangu.

Tuliliosha kwa sabuni ya unga, tukalikausha, tukaanza kusugua. Yeye boneti, mimi mlango wa dereva. Baada ya muda vitambaa vikawa vyekundu. Tukafurahi. "Ona vumbi la Shinyanga hilo," akasema, kwa sababu gari lilikuwa limepita nchi nzima kwenye barabara za udongo, na udongo wetu nao ni mwekundu. Kadiri vitambaa vilivyozidi wekundu ndivyo alivyozidi kusugua. Mimi mkono uliniuma mapema nikaenda kuangalia maharage, na uvivu huo ndio uliouokoa mlango. Jua lilikuwa kali. Alivua shati. Kwa mara ya kwanza tangu aache kazi nilimsikia anaimba.

Alipolimwagia maji ndipo tulipoona. Katikati ya boneti, na kwenye kingo zote mbili, rangi ilikuwa imekwisha. Yalibaki mabaka ya kijivu yaliyokaribia bati. Lile halikuwa vumbi la Shinyanga. Ilikuwa ni rangi yenyewe, tumeipangusa tukiishangilia. Fundi alituambia baadaye kwamba dawa ile ni ya kukwangulia gari linalotaka kupakwa upya.

Mume wangu akapindua ndoo akaikalia.

"Twende hivyo hivyo," nikamwambia. "Ni baba yako, si mnunuzi."

"Ndiyo maana," akajibu.

Sikusema mara ya pili. Nami nilikuwa nawaza macho ya mawifi na minong'ono ya jikoni, kwa hiyo nilipoona amekataa nikashukuru kimoyomoyo. Jumapili hatukuvuka.

Fundi wa Igoma hakuwa na rangi ya kufanana. Akachanganya, ikatoka nyeusi mno. Akachanganya tena, ikawa kama juisi ya rozela. Kisha mvua zikaanza, na alikuwa anapulizia nje, chini ya mabati mawili. Wifi akapita tena na mchele wake akakuta boneti imefunikwa magazeti. Akauliza mbona hatuji.

"Mwambie Baba tunaliandaa," mume wangu akamjibu.

Wifi akasimama kidogo kama mwenye neno, kisha akajitwika gunia lake akaondoka. Nazijutia sana zile wiki. Nimewahi kupoteza vingi maishani, vingine kwa uzembe wangu kabisa, lakini hakuna ninachotamani kurudishiwa kama ile Jumapili ya kwanza.

Fundi alipata rangi ya kufanana mvua zilipokatika, nasi tukavuka. Kwenye pantoni ya Kigongo mwanamke mmoja aliinama akajitazama kwenye boneti yetu, akakaza kilemba chake. Mume wangu alitabasamu mpaka Busisi.

Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na zizi. Hakuinuka. Tulishuka tukamsogelea.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Mmelileta?"

Gari lilikuwa mbele yake kabisa, jua limelipiga. Uso wake ulikuwa umegeukia sauti zetu. Nilielewa kabla ya mume wangu, nikamwona naye anaelewa, na sitaki kuuona tena uso ule.

Wifi alinivuta jikoni. Presha ya macho. Hospitali walikuwa wamesema, tangu kabla ya ujumbe wake wa kwanza, kwamba hakuna dawa ya kurudisha nuru iliyokwisha, na iliyobaki haitafika mavuno. Mzee alikuwa amekataza tusiambiwe; hakutaka mtoto aje kwa huruma. Alitaka aje na gari.

"Ungetudokeza, wifi," nikasema.

"Mimi nilisema alione," akanijibu, machozi yanamlengalenga. "Mlitaka nisemeje?"

Tuliporudi nje mzee alikuwa ameshafika kwenye gari, ameshikwa mkono na mwanawe. Akaanza nyuma. Kiganja chake kikapita juu ya buti, paa, kikashuka kwenye kioo, polepole, kama anavyowafanyia ng'ombe wake. Kwenye ukingo wa boneti kikasimama. Palikuwa na mchirizi mdogo wa rangi uliogandia pale, ambao sisi wenye macho hatukuwa tumeuona.

"Hapa liliumia," akasema.

"Ndiyo, Baba. Tulikuwa tunaling'arisha. Ndiyo maana tukachelewa."

Mzee hakuuondoa mkono.

"Nilisema nilione," akasema kwa upole. "Sikusema ling'ae."

 Ng'ombe walikuwa wanapumua zizini na hakuna aliyejua pa kutazama. Kisha mzee akauliza, "Ni la rangi gani?"

Kwa wafugaji wale swali hilo si dogo. Kila rangi ya ng'ombe ina jina lake, na ng'ombe usiyemjua rangi ni kama hujamjua. Mume wangu alikuwa amegeukia zizi. Nikamjibu mimi.

"Damu ya mzee, Baba."

"Nyekundu, lakini imekaribia weusi?"

"Ndiyo, Baba."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, akakipapasa kile kidonda cha boneti kwa kidole gumba.

"Basi nimeliona," akasema. "Ni kama yule dume niliyemuuza wewe ukaenda sekondari."

Mume wangu akamfungulia mlango wa mbele, akamshika kichwa ili asijigonge, akamkalisha. Kisha akazunguka nyuma ya gari, na hakurudi upesi.