Khatmia kwenye Barabara ya Oraba

Ndugu yangu anaishi ng'ambo, katika nchi ya baridi, na kama wengi wa huko anaamini kwamba sisi tuliobaki hatujui kuchagua kitu. Nilimpigia simu nikamwomba mbegu za khatmia, yale maua marefu yaliyokuwa mlangoni kwa mama kule Yei, Sudan Kusini. Hakuuliza nataka za aina gani. Alicheka, akasema Wazungu wanaziita hollyhock, ziko za kila namna, nimwachie yeye. Nikamwambia simwachii. Akakata simu akidhani tumeelewana.

Sikuzitaka kwa ajili ya pambo. Mama yangu alikuwa amelala nyumbani kwangu Koboko, Uganda, uso ukutani, tangu siku nilipompokea pale mpakani Oraba, akikimbia vita, akiwa na kifurushi kimoja na kanga iliyochanika. Hakuwa kilema. Zahanati walimpima wakasema ni uzee na presha kidogo, mambo ya kawaida. Alikuwa akiamka kuoga, anakula vijiko kadhaa, kisha anarudi ukutani. Nyumba niliyopanga iko kando ya barabara ya Oraba, na malori yanayokwenda Kaya, ng'ambo ya mpaka, hupita hapo mchana kutwa. Kila lori lilipopita alivuta shuka juu ya sikio. Mlango wa mbele ukawa kama haupo kwake.

Mimi nauza mapazia ya mitumba, Arua na Koboko. Kazi yangu ni kuongea. Naongea na wateja, na madalali, na makondakta, naongea mpaka sauti inakauka, halafu narudi nyumbani kwa mtu aliyenizaa na siambulii neno. Iliniumiza. Iliniudhi pia, na sioni haya kusema hivyo, kwa sababu mtu hukasirikia wale anaowapenda. Nilichotaka ni kimoja tu: mama atoke, akae mlangoni kama binadamu.

Kule Yei alikuwa haondoki mlangoni. Mke wa mfanyabiashara mmoja kutoka Khartoum ndiye aliyempa mbegu za khatmia, na zikaota zikampita baba yangu kwa urefu. Baba alikuwa askari, hakupenda kupitwa na kitu chochote, lakini hizo alizivumilia. Zilikuwa nyekundu iliyoiva sana, karibu na rangi ya damu ya nyama, petali tano basi, wazi kama kikombe. Mchana mama aliweka mkeka kando yake akabangua karanga, na kila aliyepita alisalimiwa, apende asipende. Nikajiambia, nikimwekea ukuta wa khatmia nje ya chumba chake, atageuka.

Kifurushi cha ndugu yangu kilifika Arua kwa basi kutoka Kampala. Nilikifungulia pale pale kwenye kibanda changu, juu ya mapazia, na nikahisi damu inanipanda. Zote zilikuwa zile za petali nyingi zilizobanana, ua limefura kama keki ya harusi. Waridi, njano, nyeupe yenye madoadoa, na moja ya rangi ya pichi ambayo sijui ni nani anayeihitaji duniani. Petali zikibanana hivyo hata nyuki haoni pa kuingilia. Na nyuma ya pakiti kulikuwa na maelekezo: panda baridi kali ikiisha, uwe na bustani nzuri ya kiangazi. Baridi kali gani? Kiangazi chao ni jua la kubembeleza na mvua ya hapa na pale. Chetu ni upepo wa Januari unaopasua midomo, na vumbi la malori linalokaa juu ya majani mpaka huwezi kusema ni mti gani.

Hayo yote ningeyameza. Kilichonikaba ni mstari wa mwisho, ule unaosema kwamba mwaka wa kwanza utaona majani tu, maua ni mwaka unaofuata. Nilimpigia palepale, watu wakisikia.

"Umesoma nyuma ya pakiti?" nikamwuliza.

"Nasoma nini? Picha iko mzuri. Hizo ndiyo watu wa huku napenda."

"Mimi sipandii watu wa huko. Napandia mama. Hii inataka angoje mwaka mzima."

"Ua mzuri nangoja, dada. Huku watu nangoja."

Watu wa huko wanangoja kwa sababu wana hakika ya mwaka ujao. Nilimwambia hivyo, na zaidi ya hivyo, mengine siyaandiki. Nilimweleza kama mtoto: nataka zenye petali tano, nyekundu ya kuiva, na ziwe za aina inayochanua mwaka uleule inapopandwa. Akasema hizo ni za kizamani, zinaonekana kama maua ya porini. Nikasema ndiyo, hizo hizo. Alinuna wiki kadhaa. Mwishowe ikaja pakiti moja ndogo, bila salamu ndani. Zile keki za harusi nilimpa jirani yangu wa sokoni, anayetoka Dadamu, nje kidogo ya Arua, naye akanipa samadi ya mbuzi gunia zima, kwa hiyo angalau nami nilifaidi.

Nilipanda mvua za Agosti zilipokolea, upande wa dirisha la mama mpaka mlangoni. Hapo ndipo kila mtu akawa na maneno. Kwetu uwanja mzuri ni uwanja mweupe, unaofagiliwa kila asubuhi mpaka mistari ya ufagio inaonekana, na jani linaloota karibu na mlango ni uvivu wa mwenye nyumba. Jirani wa kushoto akaniambia naalika nyoka. Wa kulia akaniuliza kama zinaliwa, na nilipomwambia hapana ni maua, akanitazama kwa huruma. Kila aliyepita aliuliza hilo hilo. Zinaliwa? Haziliwi? Sasa za nini? Nikachoka. Nikawa najibu kwamba ni dawa, na hapo walinyamaza kwa heshima.

Lakini ziliota. Jani la khatmia ni pana, lina manyoya kidogo, limegawanyika kama kiganja, na ukilikata linateleza, kwa maana ukoo wake ni mmoja na bamia. Kila niliporudi kutoka Arua niliweka mzigo chini na kwenda kuzitazama kabla sijanywa maji. Nilikuwa nikimwambia mama kupitia dirishani: khatmia zako zimefika gotini, khatmia zako zimeanza kutoa shina. Alikuwa akijibu "Mm." Hakugeuka. Nilitaka kumtikisa.

Ndipo wakaja akina mama wa kanisa.

Sina ugomvi na maombi. Wana utaratibu wao na ni mzuri: wakisikia kuna mgonjwa, wanapanga siku ya kuja kumwombea, na siku hiyo hawaji kama wageni. Wanafika mapema, wanafagia uwanja, wanasiliba kuta palipobomoka, na wanapika kwa kile wanachokikuta nyumbani. Hawamwulizi mwenyeji, kwa sababu kumwuliza una nini ni kama kumwambia huna kitu. Kilichoota uwanjani wanachuma, wanapika, wanakula na mgonjwa. Ni adabu. Adabu hiyo ilinifikia mimi nikiwa sokoni Arua, nasifia pazia lenye tundu.

Nilirudi alasiri. Uwanja ulikuwa unang'aa, mistari ya ufagio imenyooka kama daftari la shule. Wamama walikuwa wamekaa kwenye mikeka na sufuria katikati, ugali wa muhogo unatoa moshi. Nikageuka upande wa dirisha. Palikuwa na mashina tu. Yamesimama uchi, yote, mpaka mlangoni, na palizi safi chini yake.

Kiongozi wao, mama mnene mwenye sauti ya kwaya, aliinuka kunikumbatia.

"Karibu, binti yangu. Leo iko chakula mingi. Hii bamia yako ya Sudan iko laini sana, tunaweka karanga na chumvi ya majivu."

"Hiyo si bamia," nikasema.

"Iko nini?"

"Ni maua ya mama."

Alitazama sufuria, akanitazama mimi. "Lakini inateleza," akasema polepole, akiwa na uhakika kwamba hilo linamaliza kesi.

Nikafoka. Nilimfokea mtu mzima mbele ya kundi lake, siku ya maombi, jambo ambalo baba angenichapa kwalo hata katika umri huu. Niliwauliza ni nani aliyewatuma, ni nani anayeingia uwanja wa mtu na kumaliza mimea yake bila kuuliza. Niliwauliza kama wanajua mbegu ile imetoka wapi, imevuka nchi ngapi. Mmoja alianza kulia. Mwingine akasema kwa upole kwamba mama yangu mwenyewe amekula, tena amemaliza sahani.

Sikumsikia vizuri, kwa sababu pazia la mlango lilikuwa limesogea.

Mama alitoka. Alishika mwimo kwanza, akakunja macho kwa jua, nywele zimesimama upande mmoja, upande ule wa ukuta. Hakumsalimu mtu. Alishuka ngazi kwa kushika ukuta, akaenda moja kwa moja kwenye shina la kwanza, akainama taratibu mpaka nikaogopa ataanguka, akaweka kidole juu kabisa ya shina. Kisha la pili. Alikwenda hivyo safu nzima, akigusa vichwa vya mashina, na sisi tukimtazama kama watoto wanaokaguliwa kucha.

Alipogeuka alikuwa amekasirika. Sijui nieleze vipi furaha niliyoipata kuona uso ule umekasirika. Alizungumza Kiswahili, kile alichokiokota kwa baba na jeshi lake, ili wote waelewe.

"Nani nafundisha nyinyi kuchuma?"

Akashika shina la karibu.

"Nachuma majani ya chini. Nachuma ya pembeni. Nyinyi nachuma mpaka moyo, ile ya juu kabisa. Hii moyo imekatwa. Hii imekatwa. Hii, Mungu nasaidia, imebaki. Mutu anakula hivi kama kesho hakuna?"

"Samahani, mama," kiongozi akasema. "Sisi hapana jua."

"Hapana jua, uliza. Mimi iko ndani. Mimi hapana kufa."

Nikaenda kukaa kwenye ukingo wa mkeka wao, na bila kufikiri nikachovya ugali kwenye ile mboga. Ilikuwa tamu, na hilo nalo liliniudhi.

Wakaomba, kwa sababu walikuwa wamekuja kuomba. Mama aliwaambia wafanye haraka na asikanyage mtu pale kwenye udongo. Waliomba wamebanana upande mmoja wa uwanja, na yeye akabaki amesimama kando ya mashina, macho wazi, akiwachunga.

Jumapili iliyofuata walisimama kanisani kutoa ushuhuda. Mgonjwa wa barabara ya Oraba, aliyelala miezi bila kuona jua, ametoka nje kwa miguu yake wakati wao wako uwanjani kwake. Watu wakapiga makofi, kwaya ikaitikia. Mimi nilikuwa kwenye benchi, naungua. Wangesema basi ukweli, kwamba walimnyang'anya mtu bustani yake, wakaila, na yeye akatoka kuokoa kilichobaki. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeshapanga maneno ya kwenda kumwambia mchungaji.

Mama alikuwa nje. Tangu siku ile alikuwa anatoka kila asubuhi na kopo la maji. Nilimmwagia yote, habari ya ushuhuda, makofi, uongo, nikamwambia kesho nakwenda kuwasahihisha.

"Wacha," akasema.

"Niwaache vipi? Wanasema wamekuinua."

"Wamama wamekosea, wamekula. Mimi pia nakula."

"Hukujua ni nini, mama."

"Najua. Ile ladha najua." Alikuwa anamwagilia, hakunitazama. "Ya Yei, mimi namaliza. Watoto ya ndugu yako wako na mimi, bado yeye hajachukua. Barabara imefungwa, soko imefungwa. Nachuma ya chini, nachuma ya pembeni. Halafu watoto nalia. Nachuma moyo."

Watoto wale sasa ni warefu, wanazungumza kwa pua kama Wazungu, na wananitumia picha za theluji. Baba yao hajawahi kusema neno kuhusu kipindi kile, na sidhani kama anakijua. Mimi nilikuwa sikijui. Nilikuwa nimebishana naye miezi mitatu juu ya petali.

"Haikutoka tena," mama akasema. "Naangalia kila siku mpaka siku ya kukimbia. Haikutoka."

Aliniita kwa kidole nikainama karibu naye. Chini ya pale shina lilipokatwa, kwenye kikwapa cha jani lililochumwa, palikuwa na kitu cha kijani, kidogo kuliko punje ya mtama.

"Macho yangu hapana ona vizuri," akasema. "Hii ni kitu, ama ni uchafu?"

"Ni chipukizi, mama."

"Wewe naona kweli? Hapana nidanganya."

"Naona kweli. Na lile pale lina lingine."

Lori lilipita, refu, limefunikwa turubai, likielekea Kaya, na vumbi lake likaja juu yetu. Mama akafunika lile shina kwa viganja vyake viwili mpaka vumbi likatulia.